Diploma ya Zuwena na Siku za Mbalamwezi

Rumonge, Jumapili, tarehe 2 Julai 1967

Mgeni rasmi, Bwana Mushagalusa, Mwenyekiti wa Sanduku la Masomo la Rumonge. Bwana Hyacinthe, karani wetu. Walimu, wazazi, na ninyi wahitimu mliopendeza hivi: amahoro, amani iwe nanyi.

Sisi wakopaji wa Sanduku tunakukaribisha, Bwana Mwenyekiti, kwa furaha. Jana tulisherehekea miaka mitano ya Uhuru, na leo tunaendelea, miguu ikiwa bado inauma kwa kucheza. Tumeona pia kwamba ulishuka garini kule barabarani ukaja kwa miguu, ukawasalimia wanawake wanaoanika ndagala, samaki wetu wadogo, mmoja mmoja, wala hukuziba pua. Murakoze, asante sana.

TULIKOTOKA

Sanduku lilianza mwaka 1963. Kabla yake, mtoto wa mvuvi akimaliza shule ya msingi alirudi kushona nyavu, hata awe hodari namna gani. Mkopo ulipokuja, tuseme ukweli, hatukuuelewa. Bendera ilikuwa bado mpya, tukadhani fedha hizo ni zawadi ya Uhuru. Mzee Maneno akachinja mbuzi kutoa shukrani. Ndipo Bwana Hyacinthe akaja na daftari.

"Mwanangu," Mzee Maneno akamwambia, "mbuzi tulikula pamoja, paja ulichukua wewe. Leo iko deni gani tena?"

"Mzee, paja lilikuwa tamu. Lakini deni iko palepale."

Kosa halikuwa la mmoja. Tulikuwa tumeweka vidole kwenye karatasi za Kifaransa bila kusomewa. Tangu siku ile Bwana Hyacinthe, bila kuagizwa na mtu, hukaa mchangani na suruali yake ya ofisini, humsomea kila mkopaji karatasi yake kwa Kiswahili au Kirundi, mpaka aelewe. Akikuona umeona haya kuuliza, anakusomea tena kama vile yeye ndiye aliyesahau.

MAKOSA YETU

Tulijifunza wajibu wetu polepole. Wako waliojificha. Mama Aruna alijilaza chini ya turubai la ndagala.

"Mama Aruna iko?" karani akauliza.

"Hapana, alienda Gitaza," watoto wakajibu.

"Basi akirudi mumwambie alisahau miguu yake hapa."

Turubai likaanza kucheka. Alilipa siku ileile.

Naye Radjabu, mkopaji mwenzetu, alinunua taa ya karabai kwa fedha ya sare, mwanawe akaenda shuleni na shati la baba linalofika magotini. Amesema nimtaje, ili wengine wajifunze. Leo tunajua: fedha ya masomo ni ya masomo, anayehama anaacha habari anakokwenda, anayekwama anakuja kusema kabla ya tarehe, hangoji kutafutwa.

FURAHA YETU

Wahitimu wetu ni kumi na mmoja. Asiya, ambaye mama yake anauza mihogo, anakwenda kuuguza watu Kabonga. Wengine ni makarani na walimu. Tazama viatu vyao, Bwana Mwenyekiti. Jozi mbili au tatu zimeazimwa kwa majirani, na majirani wenyewe wako pale nyuma, peku, wanacheka.

LINALOTUKWAZA

Diploma kumi zinatolewa leo. Ya kumi na moja iko ndani ya mkoba wako, nayo ni ya Zuwena, aliyesomea ualimu. Zuwena ni mjukuu wangu. Kwa hiyo nilikataa kusoma risala hii. Wenzangu wakasema, "Soma wewe, bibi. Sisi tutalia."

Baba yake, Bakari, alimaliza mkopo wote mwezi wa tano. Kilichobaki ni faini za kuchelewa, na kwa ajili ya hizo diploma imeshikwa. Sheria ya Sanduku inataka tulipe tarehe thelathini ya kila mwezi. Lakini ndagala wanafuata taa za mitumbwi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, mitumbwi inakaa ufukoni karibu wiki nzima, na hakuna cha kuanika wala cha kuuza. Mwisho wa mwaka jana, miezi mitatu mfululizo, tarehe ya kulipa iliangukia siku hizo. Kila mara Bakari alikuja mapema kusema atachelewa siku tano au sita, na kila mara alilipa kama alivyosema. Faini ikaandikwa vilevile.

Hatumlaumu mtu. Mlipotuuliza kama tarehe thelathini inafaa, tulipiga makofi. Ufuko mzima wa wavuvi, na hakuna hata mmoja aliyeukumbuka mwezi!

Sasa shule moja ya Bugarama imempa Zuwena darasa. Asipoonyesha diploma kabla ya Ijumaa, watamchukua mwingine.

MAOMBI

Hatuombi mkopo wa mtu ufutwe. Tunaomba yale anayoyafanya Bwana Hyacinthe kwa moyo wake yaandikwe kuwa haki: mkopaji asomewe karatasi kabla ya kuweka kidole, apewe risiti, na akiuliza kilichobaki aambiwe. Tunaomba tarehe ya malipo iwe wiki moja baada ya mitumbwi kurudi majini.

Na diploma ya mtoto isishikwe. Deni tulichukua sisi. Mtihani alifaulu yeye. Mwalimu asiye na diploma hana mshahara, naye asiye na mshahara atalipa faini kwa kitu gani? Ukiona bado faini ni halali, Zuwena ameandika ahadi ya kuilipa kwa mshahara wake wa kwanza. Karatasi hiyo anayo karani, na safari hii aliyeweka saini aliisoma mwenyewe.

MWISHO

Mungu akurudishe nyumbani salama, ampe afya mama wa watoto wako, alizidishie Sanduku baraka, na ziwa letu lisikose ndagala.

Nikikaa chini tutakuimbia. Wimbo una majina ya wahitimu wote. Tutaimba majina kumi, kisha ngoma itanyamaza. Hatutakuharakisha, Bwana Mwenyekiti. Fungua mkoba wako kwa wakati wako. Anayepiga ngoma ni Bakari, naye amezoea kungoja.

Ni sisi,
Wazazi na Wanafunzi Wakopaji wa Sanduku la Masomo, Rumonge

Imesomwa na Bibi Chausiku