Bwana Shamba Aliyebeba Lawama ya Mvua

Baba Paroko, ndugu, majirani na wafiwa wenzetu, familia imeniagiza niwasomee maisha ya mzee wetu Gaspari Mughwai, tena imeniagiza nisifiche kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Sepuka, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Antipasi Mughwai, akasoma hapa hapa na baadaye Singida mjini hadi darasa la nane, akachaguliwa chuo cha kilimo, na mwaka 1969 akaajiriwa kuwa bwana shamba. Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na Anastazia, wakajaliwa watoto wanne, ambao watatu wako hai.

Mwaka 1994, serikali ilipopunguza watumishi, naye alipunguzwa, lakini watu hawakuacha kumwita bwana shamba, wala yeye hakuacha kuzunguka mashambani kwa baiskeli, akifikicha udongo na kutaja siku ya kupanda, na kwa miaka mingi alipatia.

Halafu majira yakaanza kumchenga. Mvua za mwishoni mwa 1997 zilifagia mashamba, ukafuata ukame, na Novemba 2002 alipowaambia majirani wapande uwele, walipanda, mbingu ikafunga wiki tano, miche ikaungua, wakapanda tena kwa mbegu iliyokuwa chakula cha watoto, nayo ikaungua. Ng'ombe wake ishirini na sita wakabaki watatu, na mwanawe mkubwa, Zefania, akaenda migodini Mererani kutafuta kibarua, bila kuaga.

Siku moja mashineni, mbele ya akina mama waliokuja kusaga vibaba, jirani mmoja alimwuliza, “Bwana shamba, ile mvua yako umeiweka wapi?” Watu wakacheka, marehemu naye akacheka, ila alipofika nyumbani aliegemeza baiskeli ukutani na hakuipanda tena. Akaacha kwenda kusali kwenye jumuiya, akawa anakula matonge mawili na kusema ameshiba, na wingu likitanda aliingia ndani akafunga dirisha. Mkewe alipomsihi aende hospitali, alimjibu, “Mama Zefania, nimwambie daktari naumwa nini? Naumwa njaa ya watoto wa watu.”

Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema ni mwehu. Familia inasema hapa, mbele ya jeneza lake, kwamba alikuwa na aibu ya kosa ambalo hakulitenda.

Tarehe 2 Februari 2004 alianguka uani, akapooza upande wa kulia, akalazwa Singida mjini, na tarehe 11, saa nne asubuhi, akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kilimo waliotoka Ikungi na Mkiwa, na majirani mliochimba kaburi siku mbili katika ardhi hii kavu. Zefania amefika leo asubuhi, ndiye yule aliyekaa chini, tunaomba mumwache alie kwanza. Na yeyote mwenye mzigo kama wa marehemu, maana mwaka huu nao tunauona ulivyo, aseme mapema, tutamsikiliza.

Upumzike kwa amani, Gaspari. Hukutukosea.