Miaka Saba ya Msafi

Benchi letu liko ubavuni mwa karakana ya betri, limeegemea ukuta ambao jua la asubuhi haliufikii. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, unaokaliwa na watu watano wakibanana. Mwisho wa kushoto nakaa mimi, nashona viatu huku nasikiliza, na wananiita Soli. Anayefuata ni Wembe, kinyozi, ambaye kila siku anakuja kwa dakika moja tu na kumwacha mteja na povu kidevuni. Kisha Chaji, mwenye karakana, ambaye hana suruali isiyo na vitundu vya tindikali. Halafu Kifungu, mzee aliyepiga chapa hukumu za mahakamani miaka ishirini na sita, akastaafu na vifungu vyote kichwani. Mama Birika, anayetuuzia kahawa, hana haja na benchi letu. Ana kigoda chake na mdomo wake.

Asubuhi hiyo ninayoisema, hukumu ya Msafi ilikuwa imetoka jana yake.

Msafi alikuwa dereva wa gari la mkate. Alikuwa mwenzetu, tukikaa naye kila akimaliza kusambaza, shati limenyooka utadhani limetoka dukani. Mashati hayo alikuwa akishonewa na Dada Mshono, mwenye kibanda cha cherehani ng'ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka tulipokaa. Alimchumbia mara tatu, akakataliwa mara tatu. Jumanne moja, saa nne asubuhi, akaingia kibandani na kopo la tindikali, akatoka bila kopo. Jicho la kulia la dada likaenda, na sikio, na ngozi yote ya upande huo hadi begani. Mwaka mmoja na miezi miwili kibanda kilikuwa kimefungwa, na sisi tukikitazama.

— Saba! Wembe alijipiga paja. Mwanangu anaanza darasa la kwanza. Hajafika sekondari, jamaa yuko nje anakunywa chai.

— Hata hiyo saba haifiki, Kifungu akasema. Akionyesha tabia nzuri wanampunguzia theluthi.

— Tabia nzuri! Mle ndani atamwagia nani?

— Mimi nasema sheria ilivyo. Sijasema naipenda.

— Basi mimi nakwambia inavyotakiwa kuwa. Naye amwagiwe. Kopo kwa kopo, mambo yaishe.

— Amwagiwe na nani? Mama Birika aliuliza, macho yakiwa kwenye vikombe.

— Na serikali.

— Serikali haina mikono, baba. Nitajie mtu.

— Wataajiri.

Nilijaribu kumwazia mtu huyo, anaamka asubuhi, anamuaga mkewe, anakwenda kazini kumwagia watu. Sikuweza kumpatia sura. Lakini nilivyokumbuka ule ukelele wa Jumanne ile, nikaona Wembe ana hoja.

Kifungu alisogeza miwani. Kitu kikihitaji utaratibu, yeye huwa kama amepewa zawadi.

— Hapo lazima kuwe na kipimo, akasema. Ushahidi ulisema nusu lita. Lakini nyingine iliangukia kitambaa cha mteja. Sasa amwagiwe nusu lita nzima, au tutoe ile ya kwenye kitambaa?

Wembe alifikiri.

— Toa ya kwenye kitambaa. Haki ni haki.

— Na akigeuza uso? Ikampata macho yote mawili, na dada wa watu kapoteza moja?

— Afungwe kichwa asigeuke.

— Na ukali wa dawa? Inabidi awepo fundi wa kuthibitisha kwamba ni ile ile.

Hatukukusudia, lakini sote tulimgeukia Chaji. Chaji akaweka kikombe chini, kahawa ikamwagika.

— Mnanitazamia nini?

— Hakuna aliyesema kitu, nikamwambia.

— Macho yenu yamesema. Mahakama imeniita mara mbili, ikaniachia mara mbili. Mtu kaja kaniambia betri ya gari la mkate imekauka. Nikampimia maji ya betri kama ninavyompimia dereva yeyote. Nilitakiwa nifanye nini, nimpigie ramli?

— Tulia, kaka.

— Situlii! Mnabishana miaka saba, miaka sabini, wakati tatizo ni maji yenyewe kuuzwa kama maji ya kunywa. Sheria iseme hivi: ukitaka maji ya betri, uje na kitambulisho, barua ya mwajiri, na gari lako.

— Yeye alikuja na gari, Wembe akamkumbusha.

— Basi na betri mkononi! Na yale maji yatiwe rangi. Zambarau, ile isiyotoka mwaka mzima hata usugue na jiwe. Polisi akiona mtu ana kidole cha zambarau, anamsimamisha.

— Wa kwanza kukamatwa utakuwa wewe.

Chaji akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

— Sisi mafundi tutapewa kofia, akasema.

— Kofia?

— Ya kututambulisha.

— Na mwizi akiiba kofia?

Chaji akaokota kikombe chake. Nilimwonea huruma. Tangu siku ile huwa halali vizuri, mkewe aliniambia. Sikujua kama ana kosa. Siku nikiamka naona analo kidogo, siku nyingine naona hana hata chembe, na mtu ni yule yule.

Kifungu akakohoa, maana yake zamu yake imefika.

— Nyote mnakwenda mbio. Nimepiga chapa hukumu nyingi, na nakuambieni jela haimfundishi mtu kitu. Afadhali sheria imwamuru amtumikie aliyemuumiza. Dada Mshono sasa ana jicho moja, kutunga uzi kwenye sindano ni taabu. Basi Msafi aje kila asubuhi, amtungie sindano zote za siku, afagie nyuzi, apige pasi. Maisha yake yote.

Wembe akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Hata mimi niliona hapo pana akili.

— Kila asubuhi? Mama Birika akauliza.

— Kila asubuhi, Jumapili apumzike.

— Kwa hiyo dada akifungua mlango, sura ya kwanza aione ya nani?

Kifungu akajikuna shingo.

— Atavishwa gunia kichwani.

— Mzee wangu! Mtu amevaa gunia kichwani, ana sindano mkononi, anakusogelea. Wewe utashona au utatoka mbio?

Tulicheka. Nakiri, hata siku hiyo tulicheka. Kifungu mwenyewe alicheka hadi miwani ikamshuka.

Wembe alingoja kicheko kiishe. Mteja wake alikuwa amechungulia mlangoni mara mbili, povu limekauka, lakini Wembe alikuwa ameshapanda mori.

— Kuna jambo watu wanaogopa kulisema, akaanza. Sheria iangalie pande zote mbili. Simtetei Msafi, mnanielewa? Lakini kukataa nako kuna namna yake. Wasichana wafundishwe tangu shuleni, kumkatalia mtu bila kumdhalilisha. Kiwekwe kifungu cha kukataa kwa adabu.

Mama Birika hakuinua sauti. Aliinuka yeye mzima.

— Nilikuwepo mara ya tatu, akasema. Nilikuwa nimempelekea kahawa. Dada alimwambia, kaka yangu, nakuheshimu, lakini hapana. Akampa kiti akae, akamalizia kushona vifungo vya shati lake la bluu, akalipiga pasi, akalikunja. Lile shati ndilo alilovaa Jumanne. Wewe ulitaka amkatalie vipi, kwa kuimba?

Wembe alijifuta povu mikononi. Nikarudi kupigilia soli, nikasikia nyundo yangu ilivyo na kelele.

Kufikia hapo kichwa changu kilikuwa kimevurugika kabisa. Miaka saba ilikuwa michache, nilikuwa na hakika. Lakini nikijaribu kutaja idadi inayotosha, kila idadi ninayoitaja moyoni, jicho halirudi. Nikasema labda afungwe maisha. Kisha nikamkumbuka mama yake Msafi, ananiletea viatu vyake nivitie soli, haniangalii usoni. Nikasema labda kumi na tano. Nikajiuliza kumi na tano nimeitoa wapi. Sikujua.

Ndipo teksi ikasimama ng'ambo.

Alishuka kwanza msichana, tukamtambua kuwa ni mdogo wake Dada Mshono. Kisha akashuka yeye. Alikuwa amejitanda mtandio wa kijani, miwani myeusi, na alipogeuka kutafuta ufunguo kwenye mkoba tuliona upande wa shingo, ngozi imevutana na kung'aa. Akafungua kufuli kwa shida, limeshika kutu. Mdogo wake akaingia. Yeye akabaki mlangoni kidogo, halafu akavuka barabara, akaja moja kwa moja kwetu.

Tukasimama wote, hata Kifungu mwenye magoti mabovu.

— Hamjambo?

— Hatujambo, dada. Pole. Pole sana.

— Tumeshapoa. Nimekuja kuchukua cherehani, nitashonea nyumbani.

— Karibu ukae, Wembe akasema, akajisogeza na kumwonyesha nafasi.

Nafasi iliyokuwa wazi kwenye ule ubao ilikuwa moja tu, na sote tulijua ilikuwa ya nani. Wembe alilitambua hilo maneno yakishamtoka. Dada Mshono aliitazama ile nafasi.

— Nitasimama, akasema.

Mama Birika alimmiminia kahawa. Aliipokea kwa mikono miwili, hakuinywa.

— Dada, Kifungu akasema kwa upole, hapa tunazungumzia hukumu. Sote tunaona haikutosha. Ukitaka kukata rufaa, mimi nitakuandikia bure.

— Asante, mzee. Sijaja kwa hilo. Hukumu waliisoma, nikaisikia, sikuelewa nifurahi au nilie, nikaenda zangu kulala. Kuna kitu kimoja tu nataka kuwauliza, maana nyinyi ndio mlikuwa mnakaa naye.

— Uliza, dada yangu, Wembe akasema.

— Kabla ya siku ile. Hakuwahi kusema?

Gari likapita, vumbi likatulia. Chaji alitazama ndani ya karakana yake kama kuna mtu amemwita.

Mimi ndiye niliyesema. Sijui nilivyothubutu.

— Alisema.

— Alisemaje?

— Alisema atakufanya ukijitazama kwenye kioo upige kelele. Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia.

Alikisogeza kikombe karibu na kifua.

— Nanyi mkamwambiaje?

Lilikuwa swali jepesi. Mtoto mdogo angeweza kulijibu. Na majibu tulikuwa nayo, kila mmoja lake. Wembe alisema mapenzi yanauma, kaka, njoo nikunyoe upoe moyo. Kifungu akasema hilo ni kosa la kutishia kudhuru mwili, akataja na namba ya kifungu, akatuchekesha hadi tukashika mbavu. Chaji alimpigia makofi. Mama Birika alimwongezea kikombe. Mimi nilikuwa nabandika soli, gundi imeshika kidole, na nilicheka bila kuinua kichwa.

Nilitaka kumwambia kwamba tulidhani ni maneno tu. Watu husema mengi kijiweni.

Dada Mshono alingoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Alitutazama mmoja mmoja, akigeuza kichwa kizima kwa sababu jicho ni moja, kama mtu anayetafuta nyumba kwenye mtaa mgeni. Alipofika kwa Mama Birika, Mama Birika alijifunika uso na khanga.

— Mimi nilikuwa pale ng'ambo tu, Dada Mshono akasema hatimaye. Cherehani ikikimbia sisikii kitu.

Akaweka kikombe kwenye kigoda, kimejaa, akavuka barabara.

Wembe alikaa, akauliza kwa sauti ya chini:

— Kifungu. Sisi nasi, tuna kifungu?

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Miaka ishirini na sita ya hukumu, na siku hiyo hakutaja namba yoyote.

Ng'ambo, wale dada wawili walikuwa wameshika cherehani, mmoja huku mmoja huku. Ilikuwa ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, na mdogo alikuwa amezidiwa. Niliweka nyundo chini. Nikavuka bila kujua nitasema nini nikifika. Nilimpokea mdogo wake upande mmoja, tukainua.

Dada Mshono alinitazama muda mrefu. Nilidhani ataniambia niache.

— Njoo upande wangu wa kulia, akasema. Huku sioni.

Nikazunguka, nikashika upande huo, tukatoka nayo taratibu hadi kwenye teksi.