Mzee Taya, Dalali Aliyemuuliza Kila Anayelala Ndani

Marehemu mjomba wetu tunayemzika leo, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Taya, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya seremala. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mama aliyefua nguo za watu. Asubuhi hiyo mwenye nyumba alikuwa amechoka kuwabembeleza wazazi wa marehemu wahame, akapanda juu na kuanza kuezua mabati. Baba mtu alipanda kumfuata. Walipigana huko huko juu mpaka wote wawili wakaanguka uani, na mtoto akazaliwa mle chumbani, mwanga wa jua ukimpiga usoni. Bibi yetu, mama yake marehemu, alipenda kusema, "Huyu aliiona mbingu kabla hajaniona mimi."

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Hesabu alizipenda, hasa za kupima maeneo, lakini ngumi alizipenda zaidi. Akiwa kidato cha pili alimvunja pua mwenzake aliyemcheka kwa kuhamahama vyumba, naye akafukuzwa. Baba yake alimchapa, kisha akamchukua kazini. Kwa babake alijifunza kuusoma ukuta kwa vifundo vya vidole: sauti ya tofali zima, sauti ya tofali lililooza, na sauti ya udongo uliopakwa plasta ili kudanganya watu.

Mwaka 1979 aliajiriwa na kampuni ya mnada. Familia haifichi kwamba kazi yake ilikuwa kuvunja milango ya watu waliotolewa majumbani. Alikuwa na nyundo kubwa na mkono mzito. Aliwahi kung'atwa bega na bibi kizee, akamwagiwa maji ya moto mgongoni, na siku moja baba wa watoto watano alimkata kwa panga kwenye paja. Alipotoka hospitali aliirudisha nyundo. Mwajiri wake alimuuliza kama anaogopa. Alijibu, "Siogopi kukatwa. Ila yule aliyenikata nilimwona ana haki."

Ndipo akawa dalali wa nyumba, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Waliopo hapa walionunua nyumba kupitia kwake wanayakumbuka maneno yake. Nenda kaione nyumba mvua ikinyesha, kwa maana jua likiwaka kila paa ni zima. Habari za maji usimuulize anayeuza, muulize jirani aliyegombana naye. Ukiona ukuta mmoja tu una rangi mpya, gonga hapo. Na wewe unayeuza, ufa usiufunike. Uonyeshe mwenyewe, kisha taja bei yako bila kutazama chini.

Kuna muuzaji, mwenye duka la nguo, aliyeficha ufa nyuma ya kabati. Marehemu alilivuta lile kabati mbele ya mnunuzi, na muuzaji akamtandika ngumi ya jicho. Marehemu alijifuta, akamgeukia mnunuzi. "Haya, bwana mkubwa, ufa umeuona na tabia ya mwenye nyumba umeiona. Sasa tuzungumze bei." Nyumba iliuzwa siku hiyo hiyo.

Jina la Taya alilipata kwa sababu ya kosa lake. Mwaka 1988 aliuza nyumba ya dereva mmoja wa lori. Dereva alisema mkewe ameshakubali, na marehemu hakuuliza zaidi. Kumbe mke alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Aliporudi alikuta mapazia ya watu wengine dirishani. Mumewe alikuwa ametokomea na pesa yote. Yule mama aliingia kwa jirani, akaazima mchi wa kinu, akamtafuta dalali mpaka akampata kibandani anakunywa chai.

"Wewe ndiye uliyeuza kitanda changu?"

"Mama, mimi nimeuza nyumba. Kitanda sijakiuza."

"Na mimi nilikuwa nalala wapi, juu ya mti?"

Yule mama alimpiga marehemu usoni. Mchi ulimvunja taya mahali pawili, na meno yalidondokea kwenye kikombe. Alifungwa waya mdomoni. Yule mama alikuja wodini, si kuomba msamaha bali kuuliza mumewe alielekea wapi, na kwa kuwa mgonjwa hakuweza kusema, alibaki akisema yeye. Kesho yake alikuja tena. Hadi leo mke wa mjomba wetu, maana ndiye huyo, husema, "Ndiye mwanamume wa kwanza kunisikiliza hadi mwisho. Angefanyaje, mdomo nilishamfunga!" Ndoa yake ya kwanza ilipovunjwa mahakamani, yeye na marehemu walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1991, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja.

Tangu mchi ule, marehemu hakuuza nyumba yoyote kabla ya kukaa sebuleni na kila anayelala ndani yake, kuanzia mgonjwa hadi mtoto anayejua kusema. Alimuuliza kila mmoja peke yake: Unajua nyumba hii inauzwa? Unakubali? Utakwenda kulala wapi? Asiyekuwa na jibu la swali la tatu, marehemu alihesabu kwamba hata la pili hajalijibu. Madalali wenzake walimcheka.

"Taya, na paka umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kasema anangoja bei ipande."

Mwezi wa Machi mwaka huu, muuza vipuri mmoja alimwita auze nyumba ya marehemu baba yake. Warithi ni wawili, yeye na mdogo wake wa kike, fundi wa kushona aliyebaki humo akimuuguza baba yao hadi akafa. Mnunuzi, mwalimu mmoja, alikuwepo na malipo yake tayari. Marehemu aliwakalisha sebuleni kama kawaida yake.

"Huyu mwache," alisema kaka mtu. "Ni mtoto wa kike, atakubali tu."

"Basi mwache akubali kwa mdomo wake."

Yule dada aliinama, akasema polepole, "Sikubali. Na pa kulala sina."

Kaka mtu aliipindua meza, akamkaba dada yake shingo na kumbamiza ukutani. Marehemu, mwenye umri ule, alimng'oa na kumkalisha chini. Kisha akamwambia mwalimu, "Mwalimu, rudi nyumbani. Nyumba haiuzwi."

"Dalali ni wewe, au umekuwa mama yake?" alifoka yule kaka.

"Leo nimekuwa vyote viwili."

Jumamosi iliyofuata, tarehe 23 Machi, muuza vipuri alirudi asubuhi na vijana wawili wenye nyundo kubwa. Dada alijifungia ndani akampigia marehemu simu. Marehemu aliwapigia polisi akiwa njiani, akafika kabla yao, akaegemeza mgongo wake kwenye ule mlango uliokwisha kupasuka upande mmoja.

"Wanangu," aliwaambia wale vijana, "kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Amri ya mahakama iko wapi? Kama hakuna, mtafungwa nyinyi, na huyu aliyewaleta atasema hajawahi kuwaona."

Vijana walitazamana, wakashusha nyundo. Hapo muuza vipuri aliokota mtaimbo akampiga marehemu kichwani. Alimpiga tena bega likavunjika, na tena kichwani alipokwisha kuanguka, damu ikaingia ndani chini ya mlango, hata yule dada akaiona kabla hajajua ni ya nani. Vijana wale wale wa kukodiwa ndio waliomvamia tajiri wao wakamnyang'anya chuma. Polisi walimkuta amekaliwa kifuani. Yuko rumande akingoja kesi.

Marehemu alilazwa, akapasuliwa fuvu, akapata nafuu ya kusema kidogo. Wanawe walifika wodini wakiwa wamejiandaa kwenda kulipa kisasi kwa jamaa za muuza vipuri, na mmoja alikuwa na panga ndani ya koti. Marehemu aliliona. "Mkiua mtu kwa ajili ya nyumba ile," alisema, "yule binti hatakaa humo hata mwezi. Watamtimua kwa midomo. Kaeni chini." Walikaa. Dada yao, binti wa marehemu, ndiye aliyelichukua lile panga.

Tarehe 2 Aprili mchana hali ilibadilika. Alimshika mkewe mkono akamuuliza, "Yule binti amelala wapi jana?"

Mkewe alijibu, "Amelala kwake."

"Mlango?"

"Umetiwa mpya. Wanao ndio waliouweka."

 Marehemu alikata roho saa tisa na dakika kumi alasiri.

Ameacha mjane, wavulana wawili, binti mmoja, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na wapwa tuliolelewa nyumbani kwake. Fundi wa kushona yupo nasi hapa, na sanda aliyovikwa marehemu aliishona yeye, katika nyumba ile, mlango ukiwa wazi.

Alale salama, asije mtu yeyote kumwamsha na kumwambia hapa si kwako.