Samaki wa Bahi Wana Mwenyewe: Tunamuaga Dokta Edina Ndahani

Tarehe 30 Juni mwaka huu Dokta Edina Ndahani anastaafu, baada ya kukitumikia Chuo chetu kwa miaka ishirini na minne. Kumi na sita aliifanya Kampasi Kuu kule kisiwani, na minane iliyobaki ameimalizia hapa Dodoma. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu mfupi wenye vyeti na vyeo. Vyeti vipo ukutani ofisini kwake, anayevitaka akavisome mwenyewe. Mimi nitaandika habari za samaki, maana ukiwaondoa samaki, Dokta Edina humjui.

Watu hushangaa wakisikia kwamba mtaalamu wa samaki wa chuo cha kisiwani ni Mgogo. Sisi tuliozaliwa kule tulishangaa zaidi. Alipofika, akitoka kufundisha biolojia sekondari huku bara, tulimtania bila huruma: Mgogo na samaki wapi na wapi, yeye arudi kwenye mlenda wake! Hakukasirika. Alituuliza tu kama kuna mmoja wetu anayejua samaki huenda wapi maji yakikauka. Tukamwambia kwetu bahari haikauki, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kumbe alikuwa ametuuliza swali la maisha yake. Kwao ni Bahi, kwenye lile bonde ambalo miaka ya mvua nzuri hujaa maji watu wakavua, na miaka ya ukame hukauka mpaka ardhi ikapasuka, ng'ombe wakakatiza katikati. Mvua ikirudi, bonde likajaa, samaki nao wamo. Wametoka wapi? Akiwa darasa la tano alimuuliza mwalimu wa sayansi, akajibiwa kwamba wanadondoka na mvua. Edina akataka kujua kwa nini basi hawadondoki juu ya mabati ya skuli. Akaambiwa akae chini, na akakaa.

Vijana walioajiriwa juzi, wenye ofisi za kiyoyozi, hawajui Chuo kilivyoanza. Tulianzia kwenye mabweni ya kuazima. Viti vilikuwa vya vyumba viwili na madarasa yalikuwa matano, kwa hiyo kipindi kikiisha kila mwanafunzi alibeba kiti chake kichwani kwenda kipindi kinachofuata. Mahafali ya kwanza majoho yalikuwa ya kuazima vilevile, tena marefu, na wahitimu wetu walipanda jukwaani wameyakunja kama wanaovuka mto. Idara ya Sayansi ya Viumbe ilipewa stoo ya magodoro iwe maabara. Vifaa havikuwapo, ila maji ya mvua yalikuwapo mengi, na Dokta Edina akasema yanatosha.

Likizo iliyofuata akaenda kwao, akarudi na kiroba cha tope kavu kutoka Bahi. Bandarini wakaguzi wakamuuliza amebeba nini, akajibu samaki. Wakafungua, wakaona udongo. Wakauliza hao samaki wako wapi, akasema bado hawajazaliwa. Wakatazamana, wakafunga kiroba, wakampisha kwa adabu kama anavyopishwa mgonjwa. Alipofika Chuoni akamwaga tope kwenye beseni alilolichukua jikoni bila ruhusa ya Bi Mwanasha, mpishi wetu mkuu, akalijaza maji ya mvua. Baada ya siku chache, ndani ya beseni wakawa wanaogelea visamaki vidogo kama punje za mpunga. Mayai yao yalikuwa yamelala kwenye tope hilo kavu muda wote, yakingoja maji.

Chuo kizima kilipanga foleni kwenye stoo ya magodoro siku ile. Walikuja wahasibu, wakaja walinzi, akaja na Bi Mwanasha aliyekuwa amefuata beseni lake, akaishia kuchuchumaa mbele yake hadi wali ukaungua. Mimi nilikuwa karani mpya Ofisi ya Taaluma. Nilisoma biolojia skuli kwa kuogopa bakora, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipotaka kujua jambo bila ya kulazimishwa.

Lakini yeye hakuridhika. Visamaki vile haviliwi. Samaki anayeliwa Bahi ni perege, na mayai ya perege yakikauka yamekufa. Kwa hiyo nusu ya swali ilikuwa imejibiwa na nusu ikabaki palepale.

Serikali ilipohamia Dodoma, Chuo nacho kikaamua kufungua kampasi huku, njia ya Makutupora. Wafanyakazi wa kisiwani tuliombwa tujitolee. Lo! Ghafla kila mtu akawa na mama mgonjwa. Dokta Edina alinyanyua mkono hata kabla mkuu hajamaliza kusoma tangazo. Mimi nilikuja kwa muhula mmoja tu, kumsaidia kupanga ofisi, na huu ni mwaka wangu wa nane wa kupigwa na vumbi. Lawama zote ni zake.

Wanafunzi wetu hapa ni mchanganyiko: vijana waliotoka mikoa yote, pamoja na watumishi wa wizara na wa Bunge wanaosoma jioni na suti zao. Wote wanaukumbuka mtihani wake wa mwisho wa muhula. Ulikuwa na swali moja: mwanafunzi aandike jambo asilolijua, kisha aeleze atakavyolitafuta. Mtumishi mmoja wa Bunge alikata rufaa kwa maandishi akisema si haki kumtahini mtu kwa asichokijua. Seneti ilijadili rufaa hiyo asubuhi nzima, na mwisho wajumbe wenyewe wakaanza kuulizana wasiyoyajua. Mtihani ukabaki.

Sasa nije kwenye mwaka huu wa mwisho, ambao ndio ulionifanya nikubali kuandika.

Bonde la Bahi lilikauka kabisa mwaka juzi, na mwaka jana likawa kavu vilevile. Dokta Edina alikuwa na dhana yake: kwamba perege hujificha kwenye madimbwi yanayobaki juu huko, Mto Bubu unaolijaza bonde ukikatika, na maji yakirudi hushuka nayo. Dhana haitoshi, lazima uwaone. Na muda ulikuwa umemwishia. Mradi wa utafiti huo ulikuwa kwa jina lake, na Kampasi Kuu ilikuwa imeshasema kwamba akistaafu unafungwa. Mvua isipokuja msimu huu, au ikija asipate jibu, swali alilolibeba tangu darasa la tano angeondoka nalo hivyo hivyo.

Mwezi wa Oktoba akaenda kwenye madimbwi na Joha, mwanafunzi wake wa shahada ya pili, binti wa kisiwani kama mimi. Waliwanasa perege zaidi ya mia tatu. Kila mmoja Joha alimkata kipande cha pezi la mgongo, kidogo kama ukucha, kisha wakawaachia. Perege mwenye pezi lililokatwa akionekana chini Bahi, jibu limepatikana. Januari mvua ikanyesha, tena si ya mchezo. Bonde likajaa. Siku ile Dokta Edina alipita kila ofisi ya kampasi akitangaza kama mtu aliyepata mjukuu.

Kuanzia Februari, kila siku ya mnada, lile soko la wiki la mifugo na bidhaa, walikwenda Bahi kuwauliza wavuvi kama wanaye samaki mwenye pezi lililokatwa. Hatuna, walijibiwa. Wiki ya pili, hatuna. Machi ikaisha, hatuna. Na walijibiwa kwa mkato, watu wakigeukia nyavu zao. Aprili alianza kupita mlangoni kwangu bila ya kutania. Siku moja nilimkuta anafunga vitabu kwenye maboksi, akasema huenda yule mwalimu wa sayansi alisema kweli, wanadondoka tu. Alitaka nicheke. Sikuweza, iliniuma sana.

Mwezi wa Mei nilikwenda nao, ili asijione yuko peke yake. Tulipofika tu na Joha akauliza swali lake, mzee mmoja, Mzee Matonya, mfugaji ambaye miaka ya maji hutupa wavu, akaweka ndoo chini akafoka. Akataka kujua tangu lini watu wa Bahi wamekuwa wezi wa mifugo, hata wafuatwe kila mnada kuulizwa kama wanaye mnyama wa mtu mwenye alama. Akasema yeye binafsi amewanasa wanne, na wote amewarudisha majini kwa mkono wake, na wenzake hivyo hivyo. Mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Hata mtoto anayechunga ndama analijua hilo.

Kwa msiofuga niwaeleze. Huku ng'ombe hukatwa sikio, kila ukoo na mkato wake, na akipotea akaonekana zizini kwa mtu mwingine, mtu huyo ana kesi. Ukija kwa watu ukauliza kama wanaye mnyama mwenye mkato fulani, huulizi habari, unawaita wezi. Na sisi tulikuwa tumewaita wezi kwa miezi mitatu, tena kwa tabasamu.

Dokta Edina alitafuta mahali pa kukaa, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi na Joha tuna udhuru, kwetu ni pweza na samaki changu, nani awakate masikio? Lakini yeye ni binti wa mfugaji! Ndama alishikilia mwenyewe wakati baba yake akitia alama. Akaenda kutia alama samaki mia tatu, akawapeleka kwa wafugaji, kisha akashangaa kwa nini hawaletwi.

Akasimama, akawaamkia wazee upya, mbukwenyi, akaomba radhi kwa Kigogo mbele ya mnada mzima. Akatangaza kwamba samaki wale ni wake. Wazee hawakumaliza jambo kirahisi, walitaka kujua ana wangapi, amewatoa wapi, na alama yake ikoje, naye akajibu yote kwa heshima. Kisha akawapa ruhusa: atakayemnasa amle yeye na watoto wake, ila amletee pezi la mgongo.

Mnada uliofuata mapezi yalikuja. Walileta kina mama kwenye majani, walileta vijana mfukoni, Mzee Matonya alileta mawili kwenye kitambaa safi. Dokta Edina alilipokea la kwanza akaliweka kiganjani, akaupitisha ukucha kwenye mkato. Akachuchumaa palepale. Joha alimshika mkono akidhani anaugua. Hakuwa mgonjwa, alikuwa analia kwa furaha, nasi tukalia naye, watu wa kisiwani wawili tukilia juu ya pezi la perege katikati ya mnada wa Bahi.

Jibu limeandikwa na limepelekwa Seneti. Perege wa Bahi hungojea juu, kwenye madimbwi ya mto. Vijiji viwili vimekubali kutoyakausha madimbwi yao kwa kumwagilia bustani, na Kampasi Kuu imeamua mradi uendelee chini ya Joha.

Dokta Edina anahamia Bahi mwezi ujao. Wenzake waliozaliwa naye huko walizeeka na mazizi, yeye alizeeka na vitabu, na aliwahi kuniambia kwamba marehemu baba yake alisikitika hadi mwisho kuwa na mtoto msomi asiye na hata mbuzi. Wiki iliyopita nilimsindikiza kutazama nyumba yake. Njiani wazee walitusimamisha mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja, akishamaliza habari za watoto na za afya, alimuuliza kundi lake linaendeleaje. Hawakuwa wakitania. Naye alijibu kila mmoja bila kucheka, kwamba kundi halijambo, mwaka huu limezaa sana.

Dokta, kwa miaka ishirini na minne, kwa beseni, kwa vumbi na kwa maswali yako yote, ahsante. Afya iwe yako na mvua zisikate. Nenda salama ukachunge.

Mwajabu Makame
Ofisi ya Taaluma, Kampasi ya Dodoma