Mwoshaji wa Rejeta na Dirisha Lililozibwa

Siku ya kwanza tulipokutana, marehemu alinivunjia biashara. Ilikuwa mwaka 1993. Mimi ni dalali wa vipuri, na nilikuwa nimepeleka rejeta ya shaba, ile ya kupoza injini ya gari, kwenye karakana alikofanya kazi, inang'aa kama pete, mnunuzi yuko pembeni. Yeye akamwagia maji ya magadi kwenye maungio. Pakachemka povu.

"Kaka, aliyelehemu hii hakuosha asidi ya kulehemia. Leo inang'aa, mwakani inavuja."

"Dada, nani kakuuliza?"

"Hakuna. Shaba imejisemea yenyewe."

Mnunuzi akaenda zake. Lakini kaka yangu alipotafuta mke asiyedanganyika, nilijua pa kumpeleka. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995, akawa shemeji yangu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kitinda mimba wa fundi cherehani. Alisoma hadi kidato cha pili. Baba yake alipofariki akaingia karakana kufagia. Baadaye akakabidhiwa karai la kuoshea rejeta zilizolehemiwa. Brashi, maji ya moto, magadi: povu likitoka anarudia, likikoma anasuuza na kukausha. Mafundi walimwita Mama Povu. Nyumbani nako, sahani uliyoosha wewe aliiosha tena. Kaka husema, "Hata mimi aliniosha mara mbili ndipo akanikubali."

Mwaka 2016 mwenye karakana alijenga sebule ya wateja, akaziba kwa matofali dirisha pekee la chumba cha kulehemia na kuoshea ili harufu isiwafikie. Moshi wa asidi ukabaki ndani na shemeji. Kikohozi kikaanza. Nilikwenda kupatana, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

"Aoshe mara moja tu, awahi kutoka," mwenye karakana akaniambia. "Dirisha haliguswi."

Nikampelekea shemeji jibu hilo.

"Mara moja haitoshi, shem. Rejeta zitaoza."

"Basi acha kazi!"

"Nikiacha, nani ataosha?"

Hasira ya siku ile ninayo bado, na shemeji naye nilimkasirikia.

Hospitali walisema mapafu yamekakamaa. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akiwa ameketi, kwa kuwa akilala alikosa pumzi.

Ameacha mume, mabinti wawili na mjukuu mmoja. Mwenye karakana yuko hapa msibani, kaleta shada. Aliomba kusema machache, familia imekataa. Juzi ameyabomoa yale matofali. Basi yeye amepata dirisha na amebaki na sifa ya karakana ambayo rejeta zake hazivuji. Sisi tumepata shada.

Shemeji apumzike mahali ambapo hakuna wa kumzibia hewa.