Tulivyofuta Namba ya Kalavati

Kijiwe chetu kiko pale barabara inapoinuka kidogo kuvuka mtaro. Chini yake kuna kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji ya mvua, na juu yake kuna benchi refu, jiko la mkaa na birika la Mama Kahawa. Mama Kahawa ni mjane, na birika hilo ndilo linalosomesha wanawe wawili. Wateja wa kudumu ni Spana, fundi magari wa ng'ambo ya barabara. Mheshimiwa, muuza mitumba anayeongea kama yuko jukwaani ingawa hajawahi kugombea hata uenyekiti wa mtaa. Redio, mlinzi mstaafu asiyezimika. Na mimi kinyozi, ambaye nina hasira za karibu na sipendi kuongopewa kabla sijanywa kahawa. Sasa, Jumatatu moja wakapita vijana wa jiji na ndoo ya rangi ya njano, wakapiga namba kila kitu: nguzo za taa, vituo vya basi, makalavati. La kwetu pia likapigwa, karibu kabisa na jiko. Hawakutuambia kitu, na sisi kwa ujuaji wetu hatukuwauliza; tukakaa siku kadhaa tunabishana wenyewe.

Spana: Mimi nawaambia, rangi ikishapita, nyuma linakuja tingatinga.

Mama Kahawa: Usinitishe, baba.

Spana: Sikutishi, mama. Kwa shemeji yangu walipiga alama asubuhi, jioni watu wakawa wanaokota mabati.

Mimi: Kwa shemeji yako walipiga msalaba mwekundu kwenye nyumba. Hii ni namba, tena kwenye zege. Wakibomoa hapa maji wayapitishe wapi, gereji kwako?

Spana: Kinyozi, wewe kanyoe watu.

Mheshimiwa akakohoa. Akikohoa hivyo ujue hotuba inakuja.

Mheshimiwa: Ndugu zangu wananchi, huu ni mnada. Ni kitu gani hupewa namba? Bidhaa ya mnadani! Mtaa huu umeshauzwa, tunasubiri mwenyewe aje kuchukua mali yake.

Redio: Nani anunue kalavati?

Mheshimiwa: Tajiri. Wewe unadhani tajiri hununua kitu kwa kuwa ana shida nacho?

Mimi: Ile taa ya kwenye kona haijawaka tangu mwanangu hajaota meno, na sasa namnyoa ndevu. Kama ameinunua na ile, huyo tajiri wako kapigwa.

Redio: Nyote hamjui kitu. Ni treni.

Spana: Treni gani tena?

Redio: Ya chini kwa chini. Mimi nimelinda maghala ya mabomba miaka na miaka, msinifundishe. Kila penye namba pana tundu la kupumulia.

Spana: Anapumua nani?

Redio: Treni! Na kituo kikuu kinatokea hapahapa, chini ya jiko. Mtashtukia abiria wanachomoza mmoja mmoja na mabegi yao.

Mheshimiwa: Basi wateja wa kahawa wataongezeka.

Tukacheka mpaka benchi likatikisika. Mama Kahawa hakucheka. Alikuwa anamimina kahawa nje ya kikombe na wala haoni.

Mama Kahawa: Wakinitoa hapa, niende wapi jamani? Sokoni meza zimejaa. Hapa ndipo ninapojulikana. Hata wanangu wakitoka shule miguu inawaleta hapa yenyewe.

Hapo kila mtu akaangalia kikombe chake. Niliona uchungu, nasema kweli. Tatizo la uchungu ni kwamba ukimkuta mtu asiye na kazi ya kufanya, humtia wazimu.

Spana: Kwani namba si rangi tu? Ikifutika, watajuaje walipiga wapi?

Hata mmoja wetu hakumwambia nyamaza. Kesho yake alfajiri tukakutana na mafuta ya taa na brashi za waya, tukasugua mpaka zege likarudi kijivu. Tungeishia pale tungekuwa na nafuu. Lakini Mheshimiwa akaona kalavati moja safi katikati ya mengine yenye namba litatia shaka. Basi tukafuta na lile la pili. Tukafuta yote manne ya mtaa wetu, na nguzo za taa, na kituo cha basi. Jua linatoka, mtaa mzima hauna hata tone la njano, na sisi tunanuka kama koroboi. Mama Kahawa akatupa kahawa ya bure. Tukakaa pale vifua mbele.

Vikombe havijapoa, akaja dada mmoja amevaa buti na kizibao cha rangi ya machungwa. Akaenda mpaka mwisho wa mtaa ameinamisha kichwa, akarudi, akachungulia mtaroni, kisha akaja kwetu.

Mhandisi: Shikamoo, mama. Wazee wangu, habari za asubuhi. Mimi ni mhandisi wa barabara za jiji. Samahani, hili kalavati lilikuwa na namba gani?

Spana akaficha mikono nyuma. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akazimika.

Mheshimiwa: Namba? Namba ipi hiyo, binti yetu?

Mhandisi: Ya njano. Tumehesabu kila kitu cha barabara jiji zima, tujue kipi kimechoka, kipi bado kina nguvu, tutengeneze kabla hakijaanguka. Zamani tulikuwa tunasubiri gari litumbukie ndipo tunakimbizana. Sasa mtaa huu una makalavati manne, na moja limepasuka vibaya kwa ndani. Vijana waliliona kwa kamera. Mimi nikichungulia naona giza na tope tu. Nimepewa namba yake nije nianze kazi. Nafika, mtaa umeoshwa kama sahani!

Mama Kahawa: Ngoja, mwanangu. Kazi ya kubomoa?

Mhandisi: Kubomoa nini tena, mama? Kutengeneza. Tunatoa bomba bovu, tunaweka jipya, tunamwaga zege. Kama ni hili, utakaa ng'ambo siku chache kisha unarudi na jiko lako.

Mimi: Na namba isipopatikana?

Mhandisi: Waliozipiga wamepiga mamia, hawawezi kukumbuka ipi ilikuwa wapi. Itabidi niirudishe kazi ofisini, mtaa usubiri zamu nyingine, baada ya mvua kubwa.

Nikaangalia chini, pale tulipokaa wanaume wazima wanne juu ya zege ambalo pengine ndilo lililopasuka, na mama wa watu na jiko lake. Nikainuka polepole.

Spana: Ilianza na saba.

Mheshimiwa: Nakanusha! Ilikuwa na mbili mbili.

Redio: Palikuwa na sifuri, naapa.

Nami niliyesugua kwa mikono yangu, nikitafuta kichwani naona njano tupu. Siku zote zile tunabishana namba ina maana gani, kumbe hakuna aliyeisoma.

Mama Kahawa: Mia nne thelathini na sita.

Tukageuka wote.

Mama Kahawa: Nne, tatu, sita. Tangu waipige nikifumba macho naiona hiyo tu, mwanangu. Nikiamka iko palepale.

Mhandisi akatoa simu, akatazama, akatabasamu.

Mhandisi: Ndilo lenyewe, mama. Tunaanza na lako.

Mama Kahawa akakaa kwenye benchi. Tangu tumjue hatujawahi kumwona amekaa. Akalia, akacheka, akajifuta kwa khanga, akalia tena. Spana naye akasingizia moshi. Mimi sikusingizia kitu. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele za watu.

Mhandisi akaenda kwenye gari, akarudi na kopo la rangi na brashi. Sote wanne tukanyoosha mikono.

Mhandisi: Nyie hapana.

Akampa Mama Kahawa. Mama akapiga magoti, akaiandika namba mwenyewe, kubwa, kila tarakimu taratibu. Kisha akasimama, akaburuta jiko mbali kidogo ili majivu yasiidondokee, akatugeukia na brashi ikichuruzika.

"Atakayeigusa hii," akasema, "kahawa akanywe kwao."