Sukari Yangu na Sukari ya Mama Mkubwa

Ndugu zangu wa jumuiya, nitasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitanyamaza.

Mnajua ninafanya kazi maabara. Ninachunguza kimeng'enya cha bakteria, kitu kidogo sana kinachoibandika sukari chembe ya fosfeti ili isitoroke nje ya seli. Kina mabawa mawili. Sukari ikiingia katikati, mabawa hujifunga, maji husukumwa nje, na fosfeti huhamia salama kwenye sukari. Ili umbo hilo lionekane, lazima nikigeuze kiwe fuwele, kama chembe za chumvi, kisha fuwele zipande ndege uwanja wa Luano zikapigwe eksirei nchi za mbali.

Mama mkubwa wangu, anayeuza unga soko la Kampemba, aliniuliza kazi yangu. Nikajibu, "Niko natumika juu ya sukari."

Nanyi mnajua, kwetu mtu akisema sukari anasema ugonjwa. Naye anaumwa huo.

Akatangaza sokoni kwamba natengeneza dawa. Nikipita, wauza unga waliniita munganga ya sukari. Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia raha. Fuwele zilikuwa zinakataa kuota, na pale sokoni tu ndipo nilipokuwa mtu.

"Dawa yako itafika lini?"

"Iko karibu, mama mukubwa."

Mimi nilikuwa nawaza fuwele. Yeye akaacha vidonge vyake, akangoja vyangu.

Baadaye nilijaribu kukilisha kimeng'enya sukari kwanza. Mabawa yakajifunga, yakatulia, na fuwele zikaota, zinang'aa. Nilikuwa bado nazitazama kwenye hadubini binti yake aliponipigia simu. Mama yuko hospitali, hajitambui, mguu umeoza. Walimkata vidole vya mguu.

Alipozinduka nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama mukubwa, ile sukari yangu haiko ya ugonjwa yako. Iko ya mikrobi."

Alinitazama sana. "Ya mikrobi? Basi mikrobi ndiyo iko na bahati."

Binti yake hakucheka. "Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nasikia muzuri wakati munanisifu."

"Sasa utaenda kusema kule soko," mama mkubwa akasema. "Meza kwa meza. Kuko bengine banangojea."

Nilienda. Mama mmoja naye alikuwa ameacha vidonge, amevifunga kitambaani chini ya gunia. Alivitoa, akarudi kuvimeza, huku akinitukana mbele ya wateja. Matusi yale yalinisimamisha kuliko sifa zote.

Namshukuru binti yake kwa swali lile. Namshukuru muuguzi aliyenifundisha kusafisha kidonda, ninakisafisha mpaka leo, na kila nikifungua bendeji naona jibu langu la "iko karibu." Mama mkubwa amenisamehe. Mimi bado.

Ninachowaachia ni kidogo: ukisifiwa kwa kitu usichofanya, rudisha sifa hiyo hapo hapo, kabla mtu hajaiegemea. Kimeng'enya changu hakimtibu yeyote. Mwenye vidonge vyake nyumbani, akavimeze.